Baba Yuko Chini ya Themanini

Sabufa ilipanda Kadutu mgongoni mwa kijana
aliyeapa kwamba gunia la saruji lina huruma kuliko hiyo,
akaitua mlangoni, akadai nyongeza.
Mama aliitazama kama mgeni aliyekuja na kitanda chake.
"Sanduku lote hili, na halina hata taa?"

Kuna kanda moja.
Waliirekodi wakati mimi sijajua kutembea,
kwenye ukumbi wa parokia, kule Kasha:
vijana tisa, na baba nyuma yao,
besi begani, mgongo nusura uguse ukuta.
Miaka yote tumeisikiliza kwa vispika viwili vya rafuni
vinavyojua magitaa, vinavyojua tarumbeta,
vinavyomjua hata yule aliyekohoa kabla ya wimbo wa pili.
Baba havimjui.
Sauti yake huanzia pale vinapokomea.

Basi. Nikaunganisha waya, nikafungua.

Vikombe vikagombana kabatini.
Ukuta wa mbao ukaitikia, na ng'ambo yake
Mama Nsimire akauliza kama kilima kimeanza tena kuteremka,
maana huku kwetu, mvua za Aprili,
hilo si swali la mzaha.
Na mama, uso umekunjika:
"Huyo si yeye.
Baba yako alikuwa anaingia nyumbani
nami najua tu kwa sababu chumba kimepata joto."

Nikaitoa kwenye kona.
Kona ni mwongo, humpa mnong'onaji kifua cha fahali.
Kisha nikafanya nilivyofundishwa na fundi Cirhuza wa Nyawera:
sabufa nikaipandisha juu ya kiti cha mama,
mama akahamia mkekani,
nami nikapiga magoti, nikatambaa,
sikio karibu lilambe sakafu,
mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja
(umri ambao baba hakuuvuka)
natafuta mahali ambapo noti zote zina kimo kimoja.
Chini ya dirisha moja inavimba.
Karibu na jiko inakufa kabisa.
Kando ya cherehani...
"Hapa," nikasema, vumbi mdomoni.
"Hapo ndipo alipokuwa anaacha viatu," mama akasema.
Ingawa viatu hivyo, kwa masimulizi yake,
vimeachwa kila pembe ya nyumba hii.

Umeme ukakatika.
Tukala bugali na sambaza gizani, saa mbili na nusu,
sabufa katikati yetu, kimya kama mkwe.

Uliporudi nikauweka mpaka kwenye themanini:
juu ya hapo, kazi ya vispika; chini ya hapo, yake,
asiwepo wa kumkanyaga mwenzake.
Swichi ya nyuma ilikuwa kwenye sifuri:
sauti mbili zikasukumana mlangoni,
moja inatoka, moja inaingia,
hakuna iliyopita.
Nikaigeuza. Zikapishana, zikashikana mkono.
Nikapunguza nguvu. "Bado," mama akasema.
Nikapunguza. "Bado."
Mpaka nikadhani nimeizima,
nikaiwekea kiganja, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa:
ilikuwa inapumua.

Wimbo wa pili. Yule mtu akakohoa.
Na chini ya magitaa, bila kutokea upande wowote,
si konani, si kwenye cherehani,
mtu akaanza kutembea.
Vikombe vilitulia. Mama Nsimire hakuuliza kitu.

Mama hakulia, msidhani.
Alisikiliza hadi ubeti wa tatu, kidole hewani,
kisha akacheka:
"Umesikia? Amekosea.
Kila siku alikuwa anakosea hapo hapo.
Hebu rudisha nyuma."

Nikarudisha.
Akakosea tena.